Bibi Aliyelifunga Ziwa

Nikiwa mtoto, pale kwetu Bujumbura, watu walimwogopa bibi yangu mzaa baba kuliko walivyomwogopa mamba. Aliuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Jabe. Mwaka mmoja samaki waliadimika, mitumbwi ikawa inarudi mitupu. Wala hakuna aliyejiuliza wavu wake umefanya nini. Waliulizana mchawi ni nani. Bibi alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na kila siku aligombana na wavuvi kwa sababu walikokota vyandarua ndani ya matete, mahali samaki wanapozalia. Basi, kazi ikaisha. Ni yeye.

Wavuvi walikuja kwetu baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimeshika kanga yake. Mkubwa wao akasema, "Mama, tunajua ni we umefunga ziwa. Fungua, ao uhame."

Mwanamke aliyefukuzwa kwa jina la mchawi hapokelewi popote. Nilingoja akatae, ningemwapia hata mimi. Bibi akawatazama mmoja mmoja.

"Ni mi," akasema. "Mutu akiingia tena kwenye matete mbele ya mvua kuisha, asinilaumu. Mukiyaacha, ziwa litafunguka."

Walirudi nyuma wakikanyagana. Mimi nikaiachia kanga. Nilimwogopa, naam, bibi yangu mwenyewe.

Matete yakaachwa. Mvua zilipoisha, ndagala walijaa mpaka mbwa wakasaza. Nilimuuliza kama kweli alilifunga ziwa.

"We ulikula ao hukula?" akanijibu.

Hakuna aliyemshukuru. Tangu hapo wateja wote walimkwepa, na alipofariki wavuvi walisimama ng'ambo ya barabara. Jeneza lilibebwa na baba na mafundi magari wa mtaani. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Alikuwa mchawi? Wallahi sijui. Nimelipindua swali hilo miaka yote, na kila nikidhani nimepata jibu, naliona lile jicho alilowatazama nalo wavuvi na shaka inarudi.

Siku hizi tuna kamati ya wavuvi, na matete yaleyale tunayafunga kila mwaka, mtu asivue humo mpaka mvua ziishe. Wageni huja kutupongeza, wanasema tumeelimika. Mimi ndiye katibu. Mwaka huu nilipokuwa nikitangaza kuyafunga, mke wa mvuvi mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya gauni lake akanong'ona, "Usimuangalie. Ni mujukuu wake."

Nilimsikia vizuri. Nikajua pia kwamba mume wake hatathubutu kuingia kwenye matete, na nikanyamaza.