Kienyeji, Hapana

Kuna ukurasa kwenye mtandao wenye jina langu, picha yangu ya zamani nikiwa bado na mashavu, na orodha ya kila makala niliyowahi kuandika kuhusu maradhi ya ini. Kando ya kila makala pana nambari inayoonyesha ni watafiti wangapi wameinukuu katika kazi zao. Nilikuwa nikiufungua ukurasa huo kila asubuhi kabla hata sijaosha uso. Naona haya kulisema, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nambari ikipanda, siku yangu ilikuwa njema. Isipopanda, nyumba nzima pale Tudor ilijua nimeamka na kisirani.

Makala moja ilizipita nyingine zote kwa mbali. Niliiandika baada ya kuzunguka kisiwani mwaka mzima, kuanzia Mji wa Kale na Majengo hadi Kibarani, nikiwahoji wagonjwa wa ini: wanakula nini, wanakunywa nini, nani katika ukoo wao aliwahi kuugua. Walioinukuu hawakujishughulisha na hayo yote. Walichukua sentensi moja tu, kwamba wagonjwa wetu hutumia dawa za mitishamba kwa nadra sana, kwa hivyo chanzo cha maradhi yao kitafutwe kwingine. Watu wa miji nisiyoweza hata kuitamka waliitia sentensi hiyo katika makala zao, nami nikavimba kichwa.

Kisha nikaomba uprofesa. Faili lilitakiwa lifike Ijumaa, na mkuu wa idara alinishauri niiweke makala ile juu kabisa, kwa kuwa ndiyo itakayonibeba. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo khalati akanipigia simu. Khalati ni dada wa mamangu, na ndiye aliyenilea mamangu alipofariki. Alisema joto limemzidi, hamu ya kula hana, na jirani amemwambia macho yake yamebadilika rangi.

Nilimkuta ameketi kitandani, ghorofani, katika nyumba ile ile niliyokulia, dirisha limefunguliwa upande wa kichochoro. Macho yalikuwa manjano matupu. Nimeyaona macho ya namna hiyo maisha yangu yote ya kazi, nikayazoea. Siku hiyo nilimvisha viatu nikasahau kuvifunga.

Hospitalini alipokewa na daktari kijana, mzaliwa wa Kaloleni, niliyemfundisha mwenyewe. Ni kijana mwenye adabu na makini. Alimwamkia khalati, akavuta kiti, akaanza kumuuliza maswali moja baada ya jingine, mimi nikiwa nimesimama pembeni.

"Mama, unatumia dawa zozote za kienyeji?"

"Za kienyeji?" Khalati alijiinua kwenye mto. "Mimi? Astaghfirullah! Mwanangu, mimi sinwi dawa za kienyeji. Sijui mlango wa mganga tangu nizaliwe."

Kijana akaandika hapana. Halafu akanigeukia akitabasamu, akasema, "Na wewe mwenyewe ulishatuonyesha, daktari, kwamba hilo huku kwetu si la kutusumbua." Alinuia kunipa heshima. Nami, Mungu anisamehe, niliipokea.

Siku mbili zikapita. Vipimo vya virusi vikatoka safi. Pombe hata harufu yake haijui. Rangi ya manjano ilizidi, akaanza kujikuna mikono mpaka ikatoka alama, na daktari kijana akawa anarudia vipimo vile vile kwa kukosa pengine pa kutafuta. Jumatano mchana nilikwenda nyumbani kwake kumchukulia leso na kanzu za kubadilisha. Jikoni, juu ya meza ya dirishani, palikuwa na jagi lililofunikwa kisahani. Ndani mlikuwa na majani yaliyorowekwa, na maji yake yamekuwa meusi. Kando yake palikuwa na pakiti ya karatasi iliyopigwa chapa vizuri, picha ya maua, na maneno yanayoahidi kusafisha nyongo.

Nilirudi nayo hospitalini na kumwekea mapajani.

"Khalati, hii ni nini?"

"Si dawa yangu ya nyongo hiyo. Mbona umeniletea bila ya jagi?"

"Umeanza lini kuinywa?"

"Tangu baada ya Idi. Nanwa gilasi moya asubuhi, moya jioni. Yanisaidia sana."

"Na daktari alipokuuliza ukasema hunywi dawa za kienyeji!"

Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Kwani hii ni ya kienyeji? Hii yauzwa dukani, na udi na asali. Muuzaji ni mtu wa msikitini. Za kienyeji ni za mapango na mizimu, za kuchinjiwa kuku mweusi. Wewe umekulia nyumba hii, hulijui hilo?"

Nililijua, na hilo ndilo lililonikata maini, mimi niliyejiita daktari wa maini. Katika nyumba ile, neno kienyeji likiandamana na dawa lilikuwa karibu na tusi. Nilikua nikilisikia hivyo, na nikalitumia hivyo mimi mwenyewe mpaka nilipokwenda chuo kikuu na kurudi nikizungumza lugha ya fomu. Hojaji yangu iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, ikafasiriwa ofisini, dawa za mitishamba zikawa "dawa za kienyeji", ikaletwa kwangu niidhinishe. Niliipitia nikiwa na haraka, nikaitia sahihi.

Ingekuwa ni haraka tu, ningejisamehe. Lakini wakati ule nilikumbuka mwanamke mmoja wa Majengo, aliyekuwa akipepeta mchele huku akinijibu. Nilipomuuliza swali lile alicheka, akasema, "Za kienyeji hapana. Lakini za dukani za kusafisha tumbo, hizo nanwa kila siku." Msaidizi wangu aliinua kalamu akanitazama, akingoja nimwambie la kuandika. Jua lilikuwa kali na tulikuwa na nyumba nyingi bado. Nilimwambia, "Andika hapana. Swali ni la kienyeji."

Nilimwita daktari kijana, nikamwonyesha pakiti. Alifurahi kama aliyepata ufunguo. Khalati akakatazwa kuinywa, na baada ya wiki chache macho yakaanza kusafika. Kuhusu makala sikumwambia kijana kitu. Ijumaa ya wiki ile ile ya jagi nilikuwa nimeshapeleka faili langu, makala ile ikiwa juu kabisa.

Barua ya uprofesa ilikuja. Khalati, ambaye kwa sasa hutembea kwa kushika ukuta, alipika biriani na kuwaita majirani. Walipoondoka alinishika mkono na kuniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu hospitalini.

"Lile swali la kienyeji, ni wewe uliyeliandika?"

"Ni mimi."

"Na wale wengine uliowauliza? Wao wana nani wa kwenda kuwafunulia majagi?"

Nilimwambia nina mpango wa kuandika masahihisho. Nilimweleza kwamba mambo haya yana taratibu zake, kwamba mkuu wa idara asingependa, kwamba huenda nikaitwa mbele ya kamati iliyonipa cheo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi ukiandika," alisema, "andika kwamba ni khalati yako aliyekusomesha Kiswahili." Akauachia mkono wangu, akaingia chumbani kwake. 

Niliandika wiki ile. Nilieleza neno, nikaeleza mwanamke wa Majengo na amri niliyoitoa, nikasema sentensi yangu haifai kutegemewa. Wahariri wa jarida walichukua miezi, kisha wakayachapisha masahihisho ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo. Kamati haikuniita. Mkuu wa idara alinipita koridoni kwa siku kadhaa bila ya salamu, halafu akasahau. Cheo nimebaki nacho, na hakuna aliyeniuliza kama nakistahili.

Makala yenyewe bado inanukuliwa. Mwezi uliopita niliiona katika kazi mbili mpya, sentensi ile ile, jina langu kwenye mabano. Masahihisho nayo yana nambari yake kwenye ukurasa wangu. Yamenukuliwa mara moja, na aliyeyanukuu ni mimi.