Gari la mianzi la fundi Zenon

Saa nne asubuhi, jua limeshapanda, lakini upepo wa Ufipa bado una meno. Fundi Zenon Mwanisawa, koti zito mwilini, anapanda juu ya stuli na kupanga betri nane kuukuu kwenye bati la kibanda chake, jirani na soko la Sumbawanga. Anaziweka moja moja, kama mtu anayeanika uyoga.

Wapita njia wanamcheka. Mwaka huu wa 1998 nani bado anaanika betri? Duka lolote ukiingia zimejaa tele.

"Waache wacheke," anasema fundi, mwenye umri wa miaka 56. "Kuna mtoto nilimharibia kitu chake. Jumamosi anaondoka."

Mtoto mwenyewe ni Adija Suleimani, sasa binti wa miaka ishirini, ambaye baba yake ana malori yanayokwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Jumamosi anaolewa na kuhamia Mpanda. Kitu chenyewe ni gari dogo jekundu la rimoti, ukubwa wa kiatu cha mtu mzima. Lilivukia mpakani mwaka 1986, na wakati huo mjini hapa hakuna aliyewahi kuona gari linalotembea bila kusukumwa wala kuvutwa kwa kamba.

Lilitaka betri nne. Na betri, enzi zile, zilikuwa hadithi! Rafu za duka zilibaki na viberiti na vumbi. Aliyekuwa na redio alizianika betri zake juani zipate uhai kidogo, na zikizidi kuchoka, alichomeka nyingine kuukuu ndani ya kipande cha mwanzi na kukifunga nje ya redio kwa mpira wa tyubu. Hivyo ndivyo Ufipa ilivyosikiliza taarifa ya habari.

Zenon akalitendea gari vilevile. Alikata vipande viwili vya mwanzi, akatia betri nne zilizochoka katika kila kimoja, akaviunganisha kwa waya na kuvifunga mgongoni mwa gari. Nane zilizochoka zilifanya kazi ya nne nzima. Likaondoka! Wenye maduka walitoka barazani, na wanawake waliotoka Pito na vikapu vya maharage walisahau wateja wao. Watu wakaliita gari la mianzi.

"Sijawahi kusifiwa vile," anasema fundi, macho yakiwa kwenye bati. "Hata siku ya ndoa yangu hawakunitazama hivyo."

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1988 bidhaa zilimiminika, na mzee Suleimani akamnunulia bintiye betri mpya, za kung'aa. Adija alipoona mianzi ina nafasi nane, akajaza nane. Nani angemkataza? Fundi alikuwa amesahau kumwambia kwamba mianzi ile ilitengenezwa kwa ajili ya betri zinazokufa.

Gari lilichomoka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: likapiga ukingo wa mtaro, likatoa moshi, likazima. Mota ilikuwa imeungua. Kifaa cha kupokea mawimbi kilipona, na fundi mwenyewe hajui kilipona vipi. Mtoto akalia hadi akashikwa na kwikwi.

Zenon aliahidi kulitengeneza. Mota ya namna ile hakuipata. Kwa miaka kumi gari lilikaa kwenye rafu yake, na kwa miaka kumi Adija alikuwa akipita na kutania: shikamoo fundi, gari langu limepona? Aliitikia marahaba, akainamia kazi. Anasema utani ule ulimchoma kuliko tusi.

Leo kazi yenyewe imepungua. Zamani alipokea redio sita kwa siku. Sasa mbili kwa wiki zikizidi, maana redio mpya za bei rahisi zikifa hutupwa. Lakini ni kwenye redio kaseti iliyotupwa ndiko alikoipata, mwezi uliopita, mota inayolingana. Akaifunga. Akaing'oa mianzi, aibu yake ya miaka kumi, akaweka betri nne mpya. Gari likatembea vizuri kabisa.

Jumanne akamwita Adija. Binti aliligeuza gari huku na huku, uso ukamsawijika.

"Mianzi yangu iko wapi, fundi?"

Adija akaeleza kwamba magari ya rimoti sasa yamejaa madukani, na hata Mpanda yatakuwepo. La kwake lilikuwa moja tu. Na hataki lile la betri mpya. Anataka lile lililotembea kwa betri za juani, mtaa mzima ukitazama. Fundi anakiri alilazimika kugeuka ukutani, kwa sababu machozi yalimtoka.

Kupata betri mbovu nane kulimchukua siku mbili za kupekua jalala la nyuma ya soko. Ajabu hiyo: zamani zilizoadimika zilikuwa mpya!

Mchana anazishusha zikiwa na joto na kuzichomeka kwenye mianzi, aliyoifunga tena mgongoni mwa gari. Gari linasita, linajikongoja, halafu linashika njia barazani. Fundi analisindikiza kwa miguu hadi mwisho.

Anasema siku moja angependa kupanda lori hadi Mpanda akamwone mtoto wa Adija akiliendesha. Kwa sasa, onyo alilosahau kulitoa analiandika. Anapasha msumari moto na kuchoma herufi kwenye mwanzi, taratibu, asikosee tena:

MPYA NNE. KUUKUU NANE.