Udongo wa Durward Pinkham

Kwa Durward Pinkham, binadamu walikuwa wa aina mbili tu: wanaotengeneza udongo na wanaonunua udongo. Hao wa pili aliwahurumia kama unavyomhurumia mtu mzima anayekatiwa nyama na mkewe. Akiwaona wanatoka dukani na mifuko ya plastiki begani, alikuwa akipunguza mwendo wa gari ili wamwone vizuri anavyotikisa kichwa.

Yeye mwenyewe alikuwa akisukuma theluji barabarani kwa lori la mji, na majira ya joto akiziba mashimo ambayo lori lilelile lilikuwa limeyachimba. Ni kazi ya heshima. Lakini mtu akimuuliza anafanya nini, hakulitaja lori. "Mimi ni mtu wa udongo," alisema, kisha akasubiri aulizwe zaidi. Watu wa pwani ya Maine, huko Marekani, hawapendi kuuliza uliza, basi wengi walinyamaza. Aliwaeleza hivyo hivyo.

Alikuwa akipanda bangi. Huko si jambo la kunong'onezana. Sheria ya jimbo inamruhusu mtu mzima kuwa na miche yake michache nyumbani, na kila barabara ina nyumba ambayo dirisha lake moja linatoa mwanga wa zambarau hata mchana. Wengine hufuga kuku, wengine huchonga bata wa mbao. Durward alikuwa na miche yake ndani ya hema jeusi, chini ya taa na feni, katika chumba cha kushonea cha mkewe.

Tatizo lilikuwa hapo. Chumba kilikuwa cha Lorette. Hema liliingia kama mgeni wa siku mbili, likakaa miaka, na cherehani yake ikahamia kwenye meza ya jikoni, ambako ilibidi ishushwe chini kila watu walipotaka kula, kama mtoto aliyemaliza uji. Blanketi la viraka alilokuwa akimshonea mjukuu wake lilikuwa limepata doa la mchuzi wa maharage. Lorette alilitazama doa lile majira yote ya joto. Vuli ilipofika, akaongea, tena mbele ya kaka yake Normand Ouellette, ambaye alikuwa amekuja kula.

"Msimu mmoja," alisema. "Mavuno yako yakishinda shindano la pale ukumbini mwezi wa tano, chumba ni chako, sifungui mdomo tena. Yasiposhinda, hema linatoka na mashine yangu inarudi."

"Mke wangu, unacheza kamari na mtu mwenye karata zote."

"Basi sema ndiyo, kaka yangu asikie."

"Ndiyo."

"Mimi sikio la kushoto halisikii vizuri," Normand alisema huku akijipakulia maharage, "lakini hilo nimelisikia kwa yote mawili."

Normand alikuwa fundi wa injini za boti na yeye pia alipanda, ila kwa udongo wa mfuko na mbolea ya chupa. Kwa Durward hiyo ilikuwa aibu ya ukoo. "Wewe shemeji hupandi, unauguza," alikuwa akimwambia. "Mmea wako umelazwa wodini, umetundikiwa dripu."

"Mgonjwa wangu mwaka jana alishika nafasi ya tatu."

"Ya tatu miongoni mwa wagonjwa."

Ukumbi wenyewe ni ule wa wakulima, wenye sakafu inayolia, ambako Jumamosi watu hula maharage ya kuoka, mkate mweusi na soseji nyekundu. Vyombo vikishaoshwa, wapanda bangi hubaki chumba cha nyuma. Wana desturi yao: kabla mtu hajazungumzia maua yake, anapitisha kopo la udongo wake, na kila mmoja anaunusa. Kwa wengine huo ni utani mdogo wa kuanzia kikao, ila Durward aliufanya ibada. Alifumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akatoa hukumu. "Huu umechoka." "Huu una haraka." Lilipofika kopo la Normand, hakulinusa kabisa, alilipitisha kwa kidole kimoja. Watu walimvumilia kwa sababu udongo wake, lazima isemwe, ulikuwa mzuri kweli. Mara mbili ulikuwa umempa ushindi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Durward hakutia maji. Alitia samadi.

Vuli ile alitengeneza lundo jipya ghalani. Alikusanya majani ya miti ya maple yaliyooza tangu mwaka juzi. Alikusanya mwani baada ya dhoruba na kuuacha kwenye mvua mpaka chumvi iishe, maana chumvi huunguza mizizi. Alitwanga magamba ya kambakoche waliyokula wakati wa joto, ghala likanuka bandari nzima, paka akahama. Akaongeza nyungunyungu wake, ambao aliwalisha maganda ya viazi na kuwaaga kila jioni kwa sauti. Nyungunyungu hana masikio wala macho. Huenda ndiyo sababu wale ndio wasikilizaji pekee waliomaliza hotuba za Durward bila kuondoka.

Kilibaki kitu kimoja. Samadi yake ilikuwa ikitoka kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe, na mzee yule alikuwa ameuza ng'ombe. Durward akaenda kwa Bi Hester Libby, jirani mwenye farasi wawili na maneno machache. Alimkuta amesimama na reki kando ya lundo linalofuka mvuke.

"Chukua unachotaka," Bi Hester alisema. "Ila ngoja nikwambie, Durward. Ile nyasi ya uwanja wa nyuma, kiangazi hiki nilipiga—"

"Najua, najua, umewapiga mjeledi wakala yote. Bi Hester, wewe humjui farasi uliye naye. Farasi ni kiwanda. Kinachoingia mbele kikiwa uchafu, nyuma kinatoka kikiwa safi. Mungu alimaliza kazi hapo."

"Nilikuwa nasema nilipiga—"

"Watu wa mjini wanachemsha udongo kwenye oveni ili usafike. Kwenye oveni. Wangemuona farasi huyu wangevua kofia."

Bi Hester alimtazama, akaitazama reki, akaendelea kukusanya. Sikio la kufa halisikii dawa, na yeye alikuwa na farasi wa kulisha.

Lundo likapata joto, likapoa, likageuzwa, likapata joto tena. Kufikia mwaka mpya lilikuwa jeusi na laini kama keki. Durward alilipeleka ukumbini ndani ya kopo, wakalinusa, na hata Normand alilinusa mara mbili. Mtu mmoja aliuliza ametia nini. "Muda," Durward alijibu, na akarudi nyumbani amefurahi kiasi kwamba aliipita nyumba yake bila kujua.

Lorette alimwomba ndoo moja kwa miche yake ya nyanya. Alipewa, pamoja na hotuba. Aliambiwa asiubane, asiumwagilie maji ya bomba, asiuite matope. Ndoo ilitosha trei moja tu. Trei ya pili Lorette aliijaza udongo wa mfuko wa bei ya chini kabisa, akaweka trei zote mbili kwenye dirisha la jikoni, karibu na cherehani.

"Hizo za mfuko unazitesa," Durward alisema.

"Tutaziuliza."

Hemani, miche ya bangi ilihamishiwa kwenye ndoo kubwa zenye udongo mpya. Baada ya muda si mrefu majani ya juu yakaanza kujikunja. Hayakunyauka, hayakugeuka manjano. Yalijikunja kama ngumi ya mtoto anayeficha peremende, na yale machanga yakatoka membamba kama kamba za viatu. Mtu mwingine angeogopa. Durward alivuta kiti, akakaa mbele yake, akatabasamu.

"Inaomba," alimwambia Lorette. "Mmea ukishiba huinua mikono."

"Hiyo mikono imekunja ngumi."

"Unaiona kwa macho ya mtu wa nyanya."

Hata hivyo alifikiri kidogo, na fikra zake zikamfikisha alikokuwa anataka kwenda: miche ilikuwa imeonja utamu wa udongo ule na sasa ilitaka zaidi. Akachukua koleo mbili za lundo lilelile, akaziloweka kwenye ndoo ya maji, akatia kipampu cha kutoa mapovu, akaiita chai. Akainywesha miche chai asubuhi na jioni. Alikuwa kama mtu anayemtibu mlevi kwa pombe. Kadiri ilivyonywa ndivyo ilivyojisokota, mpaka mche mrefu kuliko yote ukaonekana kama kizibuo cha kufungulia chupa. Ukumbini aliwaambia wenzake kwamba amepata umbo jipya.

"La nini?" Normand aliuliza.

"La nguvu, shemeji. Hulijui."

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa imeanza kuwa matope, Normand alikuja tena kula. Lorette hakuweka maharage mezani. Aliweka trei mbili za nyanya, moja kila upande wa chumvi. Ya kushoto, ya mfuko, ilikuwa imesimama wima, mashina manene, majani mapana, haina habari na mtu. Ya kulia ilikuwa imekunja ngumi.

Durward alizitazama za kulia, akazitazama za kushoto, na usoni ikaonekana akitafuta maneno kama mtu anayepapasa funguo kwenye suruali ya jana.

"Nyanya hushikwa na baridi upesi," alisema.

"Trei zote zilikuwa dirisha moja," Lorette alisema.

"Upande wa kulia una upepo."

"Durward."

"Basi nyanya hazijazoea chakula kizuri."

Normand alijikuna sikio lake bovu. "Hizi za mfuko zimelazwa wodi gani? Nataka kuwapelekea matunda."

Durward alichukua kofia akatoka. Alimkuta Bi Hester palepale, kama vile hakuwa ameondoka tangu vuli. Akamwonyesha mche mmoja wa nyanya, ameushika kwa ncha za vidole.

"Ndiyo," Bi Hester alisema. "Ni dawa ya magugu. Uwanja wa nyuma ulijaa michongoma na maua ya sumu, nikapiga dawa. Nyasi haidhuriki, farasi hadhuriki. Inapita tumboni mwake kama ilivyoingia, inakaa kwenye samadi mwaka, miaka. Chochote chenye jani pana kinakunjika. Imeandikwa kwenye kopo, usitie bustanini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia nusu. Ile nusu nyingine uliikalia wewe na kiwanda chako."

Hapo mtu mwenye aibu angecheka, au angelia, au angesema samahani. Durward aliuliza kama farasi wa kahawia naye amekula nyasi ile, au ni yule mweupe tu.

Mwezi wa tano hakupeleka maua, kwa kuwa hayakuwepo. Alikwenda hata hivyo, akala soseji mbili, akabaki chumba cha nyuma, na zamu yake ilipofika akatangaza kwamba mwaka huu anaupumzisha udongo. Wenzake walitikisa vichwa kwa adabu. Bi Hester hana kawaida ya kusema, lakini Normand anayo, na kila mtu pale alikuwa ameshajua. Kopo lilipozunguka walinusa la huyu na la yule. La Durward lilipitishwa kwa kidole kimoja. Mshindi alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto. Normand alikuwa wa pili, na hakumwambia shemeji yake neno, jambo ambalo lilimkera Durward kuliko neno lolote.

Asubuhi yake hema lilitoka. Lundo lote lilirudi kwa Bi Hester, toroli baada ya toroli, likamwagwa uwanja wa nyuma, kwa kuwa mahali pekee ambapo udongo ule ungeweza kukaa bila kumdhuru mtu ni kwenye nyasi. Nyungunyungu walikwenda nalo. Hawakuaga.

Lorette alifagia chumba, akafungua dirisha, akairudisha cherehani mahali pake. Durward alisimama mlangoni ameshika utepe wa kupimia mapazia.

"Huo ukingo wa dirisha," alisema, "utaweka nini?"

"Kwa nini?"

"Ndoo moja ingetosha. Mche mmoja. Sitaleta taa."

Lorette alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akilitazama doa. "Ndoo moja. Na udongo utoke dukani."

Alikwenda kuununua mji wa tatu, kofia imeshuka hadi puani, akarudi amebeba mfuko begani kama wale wote aliowatikisia kichwa. Aliuweka sakafuni, akauchana kwa kisu, akapiga magoti. Akafumba macho. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Hauna uhai," alisema. "Huu, mke wangu, hata ukiunusa tu unasikia kwamba—"

Lorette akakanyaga pedali ya cherehani.