Koili Zilizoungua Mteremkoni Faravohitra

Umewahi kumwita mwenzako mwizi, kumbe aliyekuibia ni mkono wako mwenyewe?

Ratsimba alimwita hivyo Lalao, mbele ya watu, katika soko la Isotry ambako mwanamke huyo alikuwa akisuka upya transfoma na kuuza koili za magari. Aliibwaga koili iliyoungua juu ya meza.

"Ya tatu hii! Unauza koili au makaa?"

"Punguza sauti, kaka. Makaa ningekuuzia rahisi zaidi," Lalao alijibu, na wauza vyuma wakaangua kicheko.

Ratsimba hakucheka. Teksi ile kuukuu haikuwa yake. Ilikuwa ya shangazi yake Bakoly wa Betafo, ambaye jioni hiyo angeingia Antananarivo. Alikwisha kutuma neno: gari likizimika tena, ufunguo anapewa binamu yake. Na teksi ndiyo iliyokuwa wali wa nyumbani kwa Ratsimba, asubuhi, mchana na usiku.

Lalao hakubishana. Alichukua msumeno, akaikata koili kama mtu akatavyo mkate. Mafuta meusi yakachuruzika. Ndani mlikuwa na chuma, na nyaya mbili zimekizunguka: mmoja mnene, wa mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele, wa mizunguko maelfu.

"Tazama. Umeme wa betri hauna ubavu wa kuruka hata unene wa ukucha. Unapita kwenye waya mnene, chuma kinakuwa sumaku. Halafu pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana injini ikizunguka, zinaachana, umeme unakatika ghafla, nguvu ya sumaku inaporomoka. Inapoporomoka ndipo waya mwembamba unapozaa volti maelfu, zinakimbilia kwenye plagi, cheche! Transfoma nayo ni ukoo huohuo, ila umeme wake unageuka-geuka wenyewe, haungoji kukatwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapa umeme ni wa kupita na kukatwa. Usipokatwa, waya mnene unachemka. Huu wako umepikwa. Mpishi ni nani?"

Ratsimba aliapa kwa mababu zake kwamba si yeye. Lalao akafunga koili nyingine, akaingia garini. "Twende nikaone unavyoendesha."

Walipanda hadi Faravohitra. Kileleni Ratsimba alifanya kama wafanyavyo madereva wa mji ule wa vilima, ambao petroli yao inakaa katika chupa ya plastiki chini ya boneti: alizima injini ili gari liteleze bure. Lakini papo hapo akaurudisha ufunguo ulipokuwa, umeme ukafunguka tena, ili akifika chini aachie klachi tu, injini iamke. Alijivunia sana ujanja huo. Huko chini walikwama nyuma ya mkokoteni wa matofali, injini imelala, ufunguo uko wazi, na Ratsimba anapiga soga.

Lalao alishuka, akafungua boneti. "Mzee Mpishi, njoo uguse."

Ratsimba aligusa koili, akarusha mkono. Ilikuwa moto kama sufuria.

"Injini ikilala huku pointi zimegusana, umeme unapita tu, hakuna wa kuukata. Zikilala zimeachana, unanusurika. Ndiyo maana siku nyingine haikuungua."

Ratsimba aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Lalao angeweza kunyamaza, akamuuzia koili mpaka azeeke. Nchi husimama kwa watu kama huyu, wanaokataa kutajirika kwa ujinga wa wenzao, na hakuna hata mmoja aliyechongewa sanamu!

Jioni shangazi Bakoly alifika na binamu, na kuku kapuni. Hakutaka hata maji. Alitaka ateremshwe kwa teksi mteremko wa Faravohitra, aone kama itazimika. Kileleni Ratsimba alizima injini, akauacha ufunguo umefungwa mteremko mzima. Karibu na chini akaufungua, akaachia klachi, na injini ikaitika kwa sauti safi.

"Nani kakufundisha?" shangazi aliuliza.

Ratsimba alimweleza yote, hata lile neno la mwizi.

"Ukamshukuru?"

"Nilimwomba radhi."

"Radhi ni deni umelipa, mwanangu. Shukrani bado." Akamgeukia binamu: "Wewe kesho utarudi nami Betafo." Ufunguo ukabaki kwa Ratsimba. Usiku kuku alipikwa, na shangazi hakugusa kipande chake cha mkia, ambacho huko hupewa mkubwa wa mezani, si mwingine.

Asubuhi iliyofuata, Ratsimba alimpeleka shangazi yake Isotry, akamwona akishuka kwenye teksi, ana kifurushi cha jani la mgomba. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani kwa Lalao, akakitoa kwa mikono miwili. Lalao alipofunua na kukiona kipande kile, alirudi nyuma.

"Bibi, mimi mdogo! Siwezi."

"Kula, nakuona."

Lalao alijifuta vanishi ya nyaya vidoleni, akala akiwa amesimama, na shangazi Bakoly hakuondoka mpaka mfupa ulipobaki mweupe.