Mama Mizani na nguo za kilo tatu

Saa moja kasoro robo asubuhi, chumba cha nyuma cha zahanati bado kinanuka sabuni ya sakafu. Mwanamke mfupi amepiga magoti, anasukuma kipande cha kadibodi chini ya mizani ili isiyumbe. Anapanda yeye mwenyewe, anashuka, anapanda tena.

"Leo usiniaibishe," anaiambia.

Wanawake anaowapima humwita Mama Mizani. Ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka tisa alifagia wodi hapa hapa. Mwaka jana madaktari walipoanza utafiti wa kupunguza uzito, walimchukua awe mpimaji kwa sababu anajua lugha ya watu wa ng'ambo ya reli.

Ndio watu wake. Babu zao walitoka mbali kuja kuijenga reli hiyo, wakabaki. Washiriki mia mbili na arobaini walitakiwa, na waliojiandikisha wote walikuwa wa jamii ile kubwa ya mjini.

"Wakishamaliza watatuletea na sisi ushauri. Kula hivi, tembea hivi," anasema. "Lakini nani alitupima sisi? Dada yangu alifuata karatasi yao ya ushauri wa zamani mwaka mzima, hakupungua hata kidogo. Akaitwa mvivu. Mtu anayefua mashuka ya hoteli kwa mikono!"

Alizunguka nyumba kwa nyumba miezi miwili. Mmoja alimcheka usoni: "Nikonde, halafu majirani waseme mume wangu kaishiwa?" Mwishowe akapata kumi na wanne, dada yake akiwa wa kwanza.

Siku ya kwanza ya kupimwa walikuja kama wanaokwenda harusini. Kwao, mtu anayekwenda kuandikwa kwenye daftari hujipamba. Nguo mbili mbili, bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Mama Mizani naye alikuwa amevaa hivyo hivyo, hakuona ajabu. Akapima, akaandika.

Wiki mbili baadaye wakaja moja kwa moja kutoka kazini, na nguo za kazini. Kila mmoja kapungua kilo mbili, wengine tatu.

Daktari mkuu alilitazama daftari. "Dada, namba hizi hazina maana. Itabidi tuwatoe wote kumi na wanne."

"Kosa ni langu, Daktari, si lao. Mara ya kwanza niliwapima na mapambo yao yote. Nipe siku tatu."

Leo ndiyo ya tatu. Mlango unagongwa, wanaingia na mafurushi ya nguo na bangili za siku ile ya kwanza kichwani, wakitaniana.

"Shoga, kumbe zile kilo ulizopunguza umezifunga humo?"

"Nyamaza wewe! Bangili zako peke yake ni mtoto anayetambaa."

Furushi moja moja linapandishwa kwenye mizani, mara mbili. Daktari amesogeza miwani kwenye paji la uso, anasoma mwenyewe. Mama Mizani anaandika.

"Bangili ni zile zile?" Daktari anamuuliza dada yake Mama Mizani, yule mfuaji.

"Moja niliazima kwa jirani, Daktari. Leo nimekwenda kuiazima tena."

Daktari anacheka, kisha anaandika pembeni ya ukurasa jinsi namba zilivyosahihishwa, anatia sahihi. Wawili hawakumbuki walivaa nini siku ile. Hao wanatolewa. Kumi na wawili wanabaki.

Mama Mizani anawasindikiza wale wawili hadi getini, kawashika mikono kama watoto wake. "Msinikasirikie, jamani. Kundi jingine linaanza baada ya miezi mitatu."

"Safari hiyo tuje na matambara?" mmoja anauliza, macho chini.

"Hata kidogo."

Amekwisha kununua pamba nyepesi, anasema, na jioni atakata magauni ya kupimia, mapana, yanayolingana uzito, ya kuvaliwa nyuma ya pazia.

"Nguo zako nzuri zitakungoja kwenye kiti," anamwambia. "Wewe njoo umependeza. Siwezi kumwita mtu aje kuhesabiwa, halafu nimwambie asijipambe."