Mkono wa Holo kwenye Maua ya Mpira

Kisamvu cha mpira kina harufu yake, na aliyelelewa nayo hawezi kuichanganya na ya mboga nyingine. Chungu kikianza kuchemka hutoa harufu kali ya majani mabichi, ya kukereketa pua, kama ya majani yaliyokanyagwa na ng'ombe zizini. Maji ya kwanza lazima yamwagwe, maana yana sumu. Yakitiwa mengine, na karanga zilizotwangwa zikafuata, harufu hugeuka, ikawa nzito na tamu, ya kumfanya mtoto asogee jikoni bila kuitwa. Siku hizi nikisema nilikuzwa kwa majani ya mti wa mpira, wajukuu wangu hapa Ngokolo wananitazama kana kwamba nimesema nilikuwa nakula matairi. Wacha wacheke. Mimi nilikula, nikanenepa, na majani hayo yalitoka kwenye miti iliyokuwa imezunguka kaya ya Bibi Minza, mama yake mama yangu, katika kijiji cha upande wa Kahama, mahali ambapo ukitaka chumvi unaamka alfajiri kwenda Kagongwa na kurudi jua limekwisha tua. Nilipelekwa huko mdogo wangu alipozaliwa, vita vikubwa vikiwa vimekwisha, na sikutaka tena kurudi kwetu.

Miti ile aliipanda Babu, ambaye sikumkuta. Ujanani alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mpira ya Wajerumani huko Tanga, na aliporudi alikuwa na mbegu ndani ya mkoba wake, alizookota moja huku na nyingine kule, kwa kuwa, Bibi alisema, alikuwa mtu wa kuokota kila kitu. Ndiyo maana hakuna mti uliofanana na mwingine. Mmoja ulikuwa mnene, wenye majani laini, na huo ndio uliokuwa wa mboga. Mwingine ulikwenda juu mwembamba, ukapendwa na nyuki. Mwingine ulikuwa na maziwa mengi hata wakati wa vita wakaja watu wa kukusanya mpira, wakauchanja na kuuchanja mpaka gome lake likajaa makovu, na bado ukaendelea kuishi. Na mmoja, karibu na zizi, ulikuwa umepinda. Majani yake machungu hata mbuzi waliyaacha, na maziwa yake machache yasiyofaa kitu. Majirani walikuwa wakikata ya kwao ili walime pamba, na kila mgeni alimuuliza Bibi anaungoja nini ule wa zizini. Bibi alijibu kwamba hajaombwa kuulisha.

Katika kaya ile alikuwepo pia Mama Mdogo Holo, mdogo wake mama yangu. Aliolewa upande wa Masumbwe, akakaa huko miaka bila mtoto, mwishowe akarudishwa, na ng'ombe wa mahari wakaswagwa kurudi walikotoka. Aliporudi alikuwa amenyamaza. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na nakuambia kweli, sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule, kwa jinsi alivyonisuka nywele bila kuvuta na alivyonimegea nyama yake akisema ameshiba. Lakini kwetu wakati ule mwanamke ambaye hajazaa hakushika mbegu. Alilima, alipalilia, alivuna, alitwanga mpaka mikono ikaota sugu, ila siku ya kupanda alisimama pembeni ya shamba, maana iliaminika kwamba mbegu iliyopita mkononi mwake haitaota. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ilisemwa tu, kama unavyosema mvua itanyesha, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Holo mwenyewe aliamini, nadhani. Nilimwona akitazama viganja vyake kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Mwaka ule ugonjwa wa batobato uliingia katika mihogo. Majani yalijikunja, yakawa na madoa ya manjano, na ukichimba unakuta mizizi myembamba kama vidole vyangu. Muhogo kwetu haukuwa chakula cha kuchezea. Mtama ukikosa mvua, udaga wa muhogo, ule unaolowekwa, ukaanikwa na kusagwa, ndio uliotuvusha kiangazi. Bibi alitembea shambani akishika jani moja baada ya jingine, na jioni alipunguza ugali wake ili mimi nipate zaidi, akidhani sioni.

Ndipo akaja bwana shamba, kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa pwani, mrefu, mwenye kanzu siku ya Ijumaa na kaptura ya kaki siku nyingine zote, na alimwamkia Bibi shikamoo kwa adabu mpaka Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, akalainika na kumpa kigoda. Alieleza kwamba muhogo na mpira ni ndugu wa ukoo mmoja, na kwamba batobato inaonekana haiupati mpira. Ukichukua vumbi la ua dume la mpira ukalipaka kwenye ua jike la muhogo, huenda ukapata mtoto mwenye afya ya huyu na mizizi ya yule. Kazini kwao walikuwa wameshajaribu, lakini miti yao yote ilikuwa uzao wa miti michache, inafanana, na ilikuwa imewaangusha. Alikuwa akizunguka vijijini akitafuta miti ya mpira ya zamani isiyofanana. Aliizunguka miti ya Babu, akaigusa mmoja mmoja, akarudi akitabasamu kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea.

"Nahitaji mtu mmoja wa hapa nyumbani," alisema. "Maua hufunguka adhuhuri, na mimi nina vijiji vingine."

"Mimi nitafanya," Holo alisema.

Tulimgeukia sote, maana tulikuwa tumeshasahau kwamba anaweza kusema kabla ya kuulizwa. Bibi alitikisa kichwa.

"Huyo hashiki mbegu, mwanangu. Nitakutafutia mwingine."

"Lakini hizi si mbegu, mama," bwana shamba alisema, asijue amegusa nini. "Ni maua tu."

Bibi alimtazama binti yake, akaitazama mihogo iliyojikunja.

"Maua," alisema. "Haya. Maua ashike."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi Holo alipita katika mihogo akitafuta maua jike yaliyo karibu kufunguka, akayafunika kwa vifuko vidogo vya kitambaa cha marekani ili nyuki asitangulie. Adhuhuri alichukua maua dume ya mpira, ya kila mti kwenye kiberiti chake kitupu, akafungua kifuko, akapaka lile vumbi taratibu, akafunga tena kwa uzi. Kila mti ulikuwa na rangi yake ya uzi: mwekundu ni ule wenye makovu, mweusi ule wa nyuki, mweupe ule wa mboga, na wa bluu ule uliopinda, kwa kuwa bwana shamba alikataa kabisa kuuacha nje. Kazi yangu ilikuwa kubeba nyuzi na kufukuza mbuzi, na nilijiona mtu mkubwa. Jua lilichoma, mchanga uliunguza nyayo, lakini Holo alikuwa ameanza kuzungumza. Alinitania kwamba nitaolewa na mbuzi kwa jinsi ninavyowajua. Alicheka mwenyewe, nami nikacheka kwa furaha ya kumsikia.

Halafu maua yakaanza kuanguka. Ukifungua kifuko unakuta kikonyo kitupu, na ua limekauka chini ya kitambaa. Leo machache, kesho mengi. Jirani yetu Mama Shija alipita akienda kisimani, akasimama na mtungi wake kichwani, akatazama vile vifuko, akasema, "Mimi nilijua. Mkono ni mkono." Nilitaka kumrushia bonge la udongo, na ningelirusha kama Holo asingenishika. Usiku ule Holo hakula, na siku iliyofuata hakula, na adhuhuri alibaki amekaa ndani. Bibi alikwenda mara mbili mpaka mlangoni kwake akarudi. Nilidhani yamekwisha.

Bwana shamba alipofika na kuelezwa, hakushtuka hata kidogo. Alimwita Holo nje, akamwambia mbele ya Bibi kwamba mengi huanguka siku zote. Hata kwao, katika mikono ya watu waliosomea, huanguka. Hawa ni ndugu wa mbali, alisema, hawakubaliani upesi. "Ukiacha sasa ndipo tutakosa yote." Holo alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaingia ndani, akatoka na viberiti vyake. Akarudi shambani. Nikamfuata na nyuzi.

Tunda la kwanza kushika lilikuwa la uzi mwekundu. Lilikuwa dogo, la kijani, lenye kona kona, nami nililigundua kabla ya Holo, nikapiga kelele mpaka Bibi akatoka na mwiko mkononi akidhani ni nyoka. Tukaja kupata mengine ya mwekundu, kisha ya mweusi, kisha mweupe. Ya bluu hatukupata hata moja. Miezi ilipita, matunda yakakauka, yakapasukia ndani ya vifuko, na Holo alivileta vyote vimefungwa vilevile, akavifungua na kumimina mbegu katika kiganja cha Bibi bila kuzigusa. Zilikuwa na madoadoa, kama za mbarika. Bibi alizigeuzageuza kwa kidole kwa muda mrefu sana. Bwana shamba alichukua sehemu yake, akatuachia sehemu yetu, kama walivyoahidiana.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulikwenda shambani sote. Holo alisimama pembeni kama kawaida yake, mikono nyuma. Bibi alichimba shimo moja, akanyanyuka, akashika kiuno.

"Mgongo unaniuma," alisema. "Njoo upande wewe."

Bibi Minza alikuwa hajawahi kuumwa mgongo, na hakuumwa tena mpaka alipokufa. Alimwekea Holo mbegu mkononi, akaenda kukaa chini, na hakugeuka kuona nani anatazama kutoka shamba la jirani. Holo alipanda akilia waziwazi, machozi yakidondoka katika mashimo. Mbegu ziliota.

Nisidanganye, mizizi yake haikulika. Ilikuwa migumu kama kuni, na Bibi alisema tumepata mafanikio makubwa ya kuotea moto. Lakini majani yalikuwa safi, hayana doa, na bwana shamba alifurahi. Watoto hawa, alisema, sasa warudishwe kuolewa na muhogo, na watoto wao tena, mpaka mizizi ilainike na afya ibaki. Alirudi misimu kadhaa, na Holo ndiye aliyefanya kazi hiyo. Siku moja Bibi alimuuliza bwana shamba kuhusu mti uliopinda, ambao hata wakati huo ulikuwa haujazaa kitu. Aukate? Alimsihi asiukate, kwa kuwa hakuna ajuaye ugonjwa utakaokuja baadaye wala mti utakaoushinda. Bibi alimtazama Holo aliyekuwa akipembua karanga, akasema hakuwa na nia ya kuukata, alikuwa anauliza tu.

Bwana shamba akahamishwa. Baada ya miaka zikaja mbegu za muhogo za serikali, nzuri, zisizougua upesi, na sijui kama ndani yake kuna damu ya miti ya Babu. Ninapenda kuamini imo. Holo alizichukua, akazikuza, akawagawia waliotaka, na walikuwa wengi. Miti yenyewe ilikwisha, mmoja kwa pamba, mwingine kwa barabara, na sasa ukipita pale huoni hata kisiki. Hilo linaniuma. Siku hizi shamba zima ni muhogo wa aina moja, sura moja, na watu wanaona ndiyo maendeleo. Lakini mjukuu wangu Doto, ambaye ameolewa miaka mingi na hana mtoto, ndiye anayepanda bustani yangu hapa Ngokolo, na hakuna anayetazama viganja vyake. Nikipima, naona tumepoteza miti, na tumepata hilo, na siwezi kusema ningependa turudi.

Mama Mdogo Holo alizeekea kwangu. Siku tulipomzika kule kijijini, kijana aliyeongoza maziko, ambaye hakumjua, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba watoto wa marehemu watangulie kutia udongo. Wazee wakainamisha vichwa. Nikatoka mimi, nikachota kwa mkono, nikatia. Nyuma yangu akaja Doto. Nilipogeuka, nikaona wanawake wa kijiji wameshapanga mstari, wazee kwa vijana, wote ambao mihogo yao ilianzia katika mbegu za mkono wake, kila mmoja na udongo wake kiganjani. Yule kijana alishusha kipaza sauti akasubiri, na alisubiri sana.