Mawe Niliyoyaacha Barabarani

Pembetatu nyekundu ya gari langu, ile ya kuwaonya madereva kwamba mwenzao ameharibikiwa, ilikuwa nyumbani ikizuia mlango wa banda la kuku. Niliiweka hapo mwenyewe. Asubuhi tulipokuwa tunatoka Nakivale, mimi na mke wangu, niliiona, nikafikiri kuku watatoka, nikaiacha.

Tulikuwa tunakwenda Mbarara kumchukua mkwe wetu hospitalini. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wetu wa kwanza. Mwanangu alikuwa kazini Kampala, kwa hiyo kazi ya kuwafikisha nyumbani salama ilikuwa yangu. Mke wangu alipakata chupa ya uji njia nzima, kana kwamba mtoto mwenyewe yumo ndani.

Tulipita Rwekubo vizuri. Mbele, kwenye lami, tulipomaliza tu kona ya mlima, usukani ukaanza kuvuta kushoto na gurudumu likapiga pata-pata. Niliwasha taa za hatari, nikaliacha gari litembee polepole hadi mahali palipo sawa, nje ya barabara. Hapo nilifanya vizuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata si mazuri yote.

Nilimwambia mke wangu avuke mtaro akae juu, mbali na magari.

"Mimi ni mbuzi, unanifunga mu majani?"

"Mbuzi angekuwa amekwisha kuvuka, Mama."

Akavuka, na uji wake.

Pembetatu sikuwa nayo, basi nilivunja matawi, nikarudi nyuma hadi upande wa pili wa kona, nikayalaza barabarani na kuyakandamiza kwa mawe makubwa ili upepo usiyachukue. Nikavuta breki ya mkono, nikazuia gurudumu la nyuma kwa jiwe jingine, nikaweka ubao chini ya jeki isizame, nikainua gari. Ndipo nikakumbuka kwamba sijalegeza nati. Kila nilipoisukuma spana, gurudumu lilizunguka nayo.

"Papa," mke wangu akaita kutoka juu, "unaifungua ama unacheza nayo?"

Nimeendesha gari tangu ujana wangu kule Kivu, na bado nasahau. Nikashusha gari, nikalegeza nati, nikainua tena. Nikavalisha gurudumu la akiba, nikakaza nati moja, kisha ile inayotazamana nayo, hadi zikaisha. Nikashusha, nikazikaza tena kwa nguvu zote.

Mke wangu alirudi akikung'uta majani kwenye kitenge. "Na ile majiwe ya kule nyuma?"

"Itamusaidia mwenye ataharibikiwa nyuma yetu."

Ulikuwa uongo wa mtu mvivu. Mgongo uliniuma, na nilikuwa na haraka ya kwenda kuonekana hospitalini kama babu. Akaingia garini na chupa yake. Na mjini, nilipofika kwa fundi wa magurudumu, nikaona watu wanangoja. Nikasema nitaziba pancha kesho, nikapita.

Mtoto tulimkuta amelala, amekunja ngumi kama mtu aliyeahidiwa kitu na hakupewa. Nilimbeba hadi garini, nikampa bibi yake.

Mkwe wetu, kwa heshima ya kwetu, hanisemeshi moja kwa moja. Tulipoanza kuukaribia ule mlima, nilimsikia nyuma yangu:

"Mama, muambie baba aende polepole."

"Papa, unasikia?" akasema mke wangu.

Nilisikia; gari ni dogo. Nikapunguza mwendo.

Tulipoingia kwenye ile kona, lori la matoke likatokea mbele yetu, upande wetu. Nilikata kushoto, magurudumu yakaingia kwenye nyasi, tukasimama kwenye ukingo wa mtaro. Lori nalo likasimama, karibu kiasi cha kuona vumbi kwenye taa zake. Nyuma ya lori niliyaona mawe yangu. Matawi yalikuwa yamesagwa na magari, mawe yamebaki peke yake katikati ya njia yake, naye alikuwa ameyakwepa.

Kisha mtoto akapiga chafya.

Dereva wa lori alishuka. "Pole, mzee. Pole, mama. Si mimi. Kuna mujinga naweka mawe barabara, halafu naenda yake."

Mke wangu aligeuka akatazama mtaro. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeniona asubuhi. Ningeweza kujibu asante na kuwasha gari.

"Mjinga ni mimi," nikasema. "Niliharibikiwa hapa asubuhi. Mawe niliyaweka mimi, na sikuyatoa."

Dereva akachungulia ndani, akamwona mtoto.

"Hii ni mujukuu?"

"Ndiyo."

"Basi kuja tutoe, mzee. Wewe beba ile kubwa."

Nilibeba ile kubwa. Alinitazama nikiikumbatia tumboni, nikitembea kama bata, akacheka hadi akachuchumaa. Alipomaliza, alishusha mkungu mdogo wa matoke, akasema ni wa mama wa mtoto.

"Spea iko?" akaniuliza wakati wa kuagana.

Nikamwonyesha lile gurudumu la pancha. Kicheko kikamtoka. "Mzee. Rwekubo kuna fundi. Usipite."

Sikupita. Fundi aliziba, na mkwe wetu akanywa uji. Lile jiwe kubwa nililikuta kwenye buti ya gari. Mke wangu alikuwa amemwomba yule dereva wa lori alipakie. "Hii inarudi na sisi," alisema.

Siku hizi pembetatu inakaa garini, na jiwe ndilo linalozuia mlango wa banda la kuku. Mtoto ameanza kutambaa. Kila mkwe wetu anapokuja kwetu na kuniona nimeshika funguo za gari, huinama kwa bibi wa mtoto.

"Mama, muulize baba kuku amezifungia na nini leo."

"Mwambie na jiwe," namjibu mke wangu, nikitoka.